Askofu Steere wa Mkunazini alikuwa nani, na siku yake ilikuwa inaishaje?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari huko Muheza. Anasema hivi: "Shikamoo mwalimu. Tulipeleka wanafunzi Unguja tukaingia lile kanisa la Mkunazini. Anayetutembeza akasema limejengwa na Askofu Steere, ndiye aliyefuta biashara ya watumwa, na kwamba kuna nguzo zimesimamishwa kichwa chini. Sasa wanafunzi wananibana, huyu Steere alikuwa nani, na askofu wa zamani alikuwa anafanya nini zaidi ya kusalisha? Nisaidie tafadhali."

Marahaba mwalimu. Umeuliza kitu nimekaa nacho miaka mingi, kwa hiyo nivumilie, nitakuwa mrefu.

Nianze na hilo la kufuta utumwa manake ndilo linalosambaa sana na sio sahihi. Steere hakufuta biashara ya watumwa. Mkataba uliofunga soko la watumwa ulisainiwa tarehe 5 Juni 1873 na Sultani Barghash baada ya kubanwa sana na Waingereza, kwanza alitumwa Bartle Frere kutoka London akashindwa, halafu John Kirk, balozi wao pale Unguja, akamaliza kazi kwa kutishia kwamba manowari zitazingira kisiwa. Mkataba ule ulizuia kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko ya wazi, basi. Utumwa wenyewe uliendelea, watu waliendelea kumilikiwa mashambani, mpaka 1897 ndipo sheria ya Unguja ikaacha kuutambua, na Steere wakati huo alishakufa miaka 15 nyuma. Waambie wanafunzi hivyo hivyo. Hatumpunguzii heshima yake, aliyoyafanya ni mengi na mengine yanatugusa mimi na wewe kila tukifungua mdomo kuongea.

Alizaliwa London mwaka 1828, na kazi aliyosomea mwanzo ilikuwa sheria, sio dini. Alisoma chuo kikuu cha London, akapata udaktari wa sheria 1850, akawa wakili. Hii muiweke akilini kwa sababu wengi wanadhani wamisionari walikuwa watu walioshindwa maisha kwao. Huyu alikuwa na kazi ya heshima na akaiacha kwa hiari yake. Akapewa ushemasi 1856, upadri 1858, akapelekwa vijijini, na huko Lincolnshire kwenye pwani ya baridi na upepo, mji unaitwa Skegness, akawa mchungaji wa wakulima na wavuvi. Wale watu walimpenda kwa kuwa alikuwa anakunja mikono ya shati anafanya kazi. Jambo lingine, tangu ujana wake alikuwa na ugonjwa wa kupiga chapa, yani kuchapisha vitabu vidogo kwa mashine ya mkono. Utaona mbele hii ilikuja kufanya nini.

Jirani yake kule Lincolnshire alikuwa padri mmoja anaitwa William Tozer, rafiki yake wa damu. Sasa hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1857 Livingstone alihutubia pale Cambridge akawaomba vijana waje Afrika, na kutokana na hotuba ile ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, hii tunayoijua kama UMCA. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alifika kwenye bonde la mto Shire mwaka 1861 na haukupita mwaka mmoja akafa kwa homa, Januari 1862, wenzake kadhaa pia wakafuata. Tozer ndiye aliyewekwa wakfu 1863 kushika nafasi yake, akamwomba Steere amsindikize. Steere aliondoka akidhani ni safari ya muda tu, mke wake akabaki Uingereza.

Walijaribu kwanza kukaa juu ya mlima Morumbala karibu na mto Shire, sehemu ya ukungu na unyevu usioisha, watu wakazidi kuugua. Tozer akaamua jambo ambalo lilimletea matusi mengi kutoka kwao, na Livingstone mwenyewe alikasirika sana, kwamba wanaondoka bara, wanaenda Unguja. Hoja yake ilikuwa kwamba Unguja ndipo njia zote za pwani na bara zinapokutana, na Waafrika watakaofundishwa pale ndio watakaopeleka neno bara, sio Wazungu wanaokufa kila mvua ikinyesha. Wakafika mwisho wa Agosti 1864.

Muda si mrefu baada ya kufika, Sultani Majid akawakabidhi watoto watano wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la magendo ya watumwa. Watano tu. Ndio mwanzo wa shule yote ya Kiungani na kanisa lote la upande huu. Mmoja wao alikuja kuitwa John Swedi, mwaka 1879 akawa shemasi. Mwingine, Robert Feruzi, alivuka Afrika nzima na msafara wa Stanley. Na kuna kijana mwingine wa misheni hiyo hiyo ya Unguja, Dallington Maftaa, ambaye Stanley alimwacha kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, akawa anamsomea na kumtafsiria Kabaka Maandiko kwa Kiswahili kabla hata wamisionari wa Kizungu hawajafika Buganda. Nakuomba uwaambie wanafunzi hilo, manake tumezoea kusimuliwa kwamba Ukristo Uganda uliletwa na Wazungu peke yao, kumbe mtu wa kwanza kukaa na kuufundisha pale ikulu alikuwa kijana aliyekombolewa utumwani, akatokea Unguja.

Sasa Steere alikuwa anafanya nini katikati ya haya yote? Alikuwa anajifunza Kiswahili. Na hapa ndipo mimi huwa naishiwa maneno. Alipofika hakukuwa na kitabu cha maana cha kujifunzia Kiunguja, Krapf alikuwa ameandika mambo yake lakini kwa Kimvita, huko Mombasa. Steere akakaa na watu. Akakaa na masheikh, na vijana wa mjini, na hao watoto watano, anasikiliza, anauliza, anaandika, kesho anarudi kuuliza tena kama alivyoandika ndivyo. Akagundua kwamba lugha yetu inajipanga kwa jina, jina linavuta kila kitu nyuma yake, kiti kizuri changu kimevunjika, viti vizuri vyangu vimevunjika, akayapanga majina katika makundi manane. Hizo ngeli mnazokesha nazo darasani pale Muheza zina mkono wake, japo siku hizi zimepangwa vingine. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka 1870, kikatumiwa na maofisa na wamisionari na wafanyabiashara kwa miaka mingi mno.

Mwaka huo huo akatoa kitabu kingine, cha hadithi za Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo ndimo ilimo hadithi ya Mwalimu Goso. Kama hujaisoma nikusimulie kidogo. Goso alikuwa anasomesha watoto chini ya mbuyu, siku moja paa akapanda mbuyu kuiba mabuyu, buyu moja likamwangukia mwalimu kichwani akafa. Wanafunzi wakamzika, halafu wakaanza kumtafuta muuaji, wakasema ni upepo wa kusi ndio umeangusha buyu, wakaukamata kusi wakaupiga. Kusi ukasema, ningekuwa na nguvu ningezuiwa na kiambaza? Wakaenda kwa kiambaza, naye akasema ningekuwa na nguvu ningetobolewa na panya? Basi inaenda hivyo, panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, mpaka unafika kwa paa mwenyewe, na paa alipoulizwa akanyamaza, hakujibu kitu. Ndipo wakamuua. Mimi nilisimuliwa hii na bibi yangu, hakuwahi kushika kitabu chochote, na nilipokuja kuikuta imechapishwa 1870 karibu neno kwa neno nilikaa nayo muda mrefu. Ina maana Mzungu yule aliandika alichosikia kwa uaminifu, hakuipamba wala hakuigeuza iwe ya kwao.

Nadhani hilo ndilo jibu lenyewe la swali lako ukitaka kwa sentensi moja. Alikuwa mtu wa kusikiliza kwanza.

Tuje uaskofu wenyewe. Alirudi Uingereza 1868 akaendelea na parokia yake ndogo na kuchapisha hivyo vitabu, kisha 1872 akarudi Unguja kwa kuwa Tozer alikuwa mgonjwa na misheni inakufa. Alikuta watu wachache sana, na wiki chache tu baada ya kufika, Aprili 1872, kikaja kile kimbunga kikubwa kilichoangusha mikarafuu karibu yote ya Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani na kuharibu majengo mpaka ya misheni. Kwa hiyo alianza na kuezeka mapaa. Tozer akajiuzulu 1873, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu pale Westminster Abbey, akiwa na miaka 46.

Askofu wa Kianglikana kule Uingereza wakati huo alikuwa bwana mkubwa kweli, ana jumba, ana mapato, wengine wanakaa bungeni pamoja na malodi. Askofu wa Unguja alikuwa anaishi kwenye misheni isiyolipa watu wake mishahara, wanakula meza moja na wanafunzi. Kazi yake rasmi ilikuwa kutoa daraja la ushemasi na upadri, kubariki waumini kipaimara, kuandika barua Uingereza kuomba hela na watu, na kusimamia vituo. Lakini saa zenyewe za siku zilikuwa zinaishia kwenye mambo mengine kabisa.

Moja ni hiyo mashine ya kupigia chapa. Misheni ilikuwa na yake na vijana wa Kiungani ndio waliokuwa wanaiendesha. Wewe hebu fikiria kazi ile, herufi za risasi, ndogo kama punje ya mchele, kila moja imechongwa kinyume kama unavyojiona kwenye kioo, unazichukua moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vyumba, unazipanga mstari ukisoma kinyume, neno kama "walipokwishakusanyika" linakula mstari mzima, ukikosea moja unabomoa. Kiswahili kinataka a na k na w nyingi kuliko Kiingereza, kwa hiyo masanduku yaliyopangwa kwa mahitaji ya Kiingereza herufi hizo zinaisha mapema, ukurasa inabidi upigwe chapa kwanza halafu herufi zivunjwe zianze upya. Na askofu anakaa na karatasi za kwanza anasahihisha kwa kalamu. Vitabu vya sala, sehemu za Maandiko, vitabu vya kusomea watoto, vilipita hapo. Alifanya tafsiri ya Agano Jipya mpaka mwisho na sehemu za Agano la Kale, na Biblia nzima kwa Kiunguja ikakamilishwa na wenzake miaka kama kumi baada ya kifo chake.

Kitu kimoja cha tafsiri yake ambacho nakipenda, hakuogopa maneno ambayo Waswahili wa Kiislamu walikuwa wanayatumia tayari, sala, dhambi, nabii, malaika, injili. Wapo waliokuwa wanataka lugha ya dini itengwe, isinuke Uislamu, yeye akachukua maneno ya watu kama yalivyo. Ndio maana mpaka leo Mkristo na Muislamu wa pwani wakizungumza habari za Mungu wanaelewana bila mkalimani. Na ilipofika 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, serikali zikachagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu cha nchi zetu, kazi ya Steere na wenzake ilikuwa moja ya sababu, kwa kuwa vitabu vilikuwepo tayari.

La pili ni ujenzi. Soko la watumwa lilipofungwa 1873 misheni ikapata kiwanja chake pale Mkunazini, sehemu wakanunua na sehemu ikatolewa na tajiri mmoja wa Kihindi anaitwa Jairam Senji, watu husahau kumtaja. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi 1873. Kabla ya kanisa kulikuwa na kibanda cha udongo tu, na Steere alikuwa anakaa humo anahubiri kwa Kiswahili na kubishana kwa adabu na yeyote anayeingia, wengi wao Waislamu, na kwa vile alikuwa wakili wa zamani alijua kusikiliza hoja ya mtu mpaka iishe. Ramani ya kanisa ilichorwa na mtu wa London, ila Steere alikuwa fundi mkuu pale kiwanjani, na paa ndilo lililompa sifa. Hakutaka mbao wala mabati. Akajenga paa la mviringo kama pipa lililokatwa katikati, la zege ya matumbawe yaliyopondwa na simenti, upana wa zaidi ya mita nane, bila boriti. Mji mzima ulikuwa unasubiri lianguke. Krismasi ya 1879 wakasali ndani kwa mara ya kwanza, na wewe na wanafunzi wako mmesimama chini yake juzi.

Kuhusu zile nguzo, ndio, zipo, karibu na sehemu ya ubatizo, na ukiziangalia utaona kichwa chake kiko chini. Simulizi ya Unguja ni kwamba mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini, aliporudi akaamua zibaki. Na ile saa ya mnarani ilitolewa na Sultani Barghash, sultani Muislamu akilizawadia kanisa saa, na hilo nalo halitajwi vya kutosha. Pale mbele ya altare kuna duara la marumaru, panaaminika ndipo ulipokuwa mti waliofungwa watumwa wakichapwa kupimwa uvumilivu kabla ya kuuzwa. Ule msalaba wa mbao ulitengenezwa kutokana na mti wa Chitambo, kijiji cha Zambia ya leo, pale ulipozikwa moyo wa Livingstone.

La tatu ni kutembea. Askofu ambaye jimbo lake linaanza Usambara kwenu Magila na kuishia ziwa Nyasa, bila barabara wala reli, ni miguu yake tu. Mwaka 1875 alitembea kutoka Lindi mpaka mji wa Mwembe, kwa Mataka, mkuu wa Wayao, siku hizi ni Msumbiji. Mwaka uliofuata akafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote. Kule Mbweni misheni ilikuwa na shamba ambapo manowari za Waingereza zilikuwa zinashusha watu waliokombolewa, na wengi walikuwa wametoka upande wa kusini na ziwani. Wakataka kurudi. Novemba 1876 Steere akatoka nao, watu wazima 55, kwa meli mpaka Lindi halafu kwa miguu kuingia bara, nia ikiwa kufika Nyasa. Walipofika chini ya yale majabali makubwa ya Masasi watu wakasema hapa hapa panatosha, udongo mzuri, maji yapo. Askofu hakuwalazimisha kuendelea. Wakagawana viwanja, wakaanza kukata miti, na kijiji kile ndicho kimekuja kuwa kanisa na mji wa Masasi tunaoujua. Steere aliugua vibaya kutokana na safari ile, ikabidi arudishwe Uingereza kupumzika.

Sasa nisikufiche upande wa pili, manake wanafunzi wa siku hizi watauliza na wana haki. Wale watoto waliotolewa majahazini hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa Wakristo, walikabidhiwa tu, mtu mmoja akimkabidhi mwingine, wakapewa majina ya John na Robert na Francis. Watu wa Mbweni walikuwa huru kwa karatasi lakini shamba ni la misheni, sheria ni za misheni, na nyuma ya misheni kulikuwa na balozi wa Uingereza na manowari zake. Steere mwenyewe alikuwa na wasiwasi na kazi ya misheni kuwa serikali, lakini hakuweza kujitoa kabisa kwenye kivuli kile, na mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mimi namheshimu sana na bado nayasema haya, na nakushauri uyaseme darasani bila kuyapaka rangi.

Na lingine linaloniuma, msaada alioupata kutoka kwa masheikh na vijana wa Unguja waliomfundisha lugha, aliushukuru kwenye dibaji zake, lakini sisi wenyewe tunataja jina lake peke yake kana kwamba Kiswahili kilikuwa mfukoni mwake. Kilikuwa cha mabibi na mababu waliokaa barazani wakamsimulia.

Alikufa mwisho wa Agosti 1882, pale pale Unguja, alikuwa ametoka tu kurudi kutoka Uingereza, akaondoka ghafla usingizini akiwa na miaka 54. Mwezi uliofuata Magwangwara, yani Wangoni, wakaivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua watu mateka, wale wale waliotembea naye kutoka Lindi wakajikuta tena wanakombolewa kwa vitambaa. Yeye habari hizo hazikumfikia. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare. Wanaotembeza watu mara nyingi huwa wanaishia kwenye duara la marumaru halafu wanageuka kurudi mlangoni, kwa hiyo safari ijayo waombe wakupe dakika tano, zunguka na wanafunzi wako mpaka kule nyuma muone kaburi lake.